Uliza Anko Fundi: Wageni wanaleta rangi na bati linavuja

Karibuni tena kwenye kona yetu. Mwezi huu nimeamua niweke maswali ya aina moja tu, maana kila ikikaribia Juni meseji zinakuwa zilezile, kuna wageni wanakuja kutoka Ulaya au Marekani wanataka kutengeneza madarasa, sasa tuwapokee vipi, tuwaambie nini, hela ipitie wapi. Mimi ni fundi, nimesimamia majengo ya shule miaka mingi, sio mtu wa NGO wala sio mwanasiasa, kwahiyo nitajibu kifundi na pale itakapobidi nitasema ninavyofikiri mwenyewe.

Shikamoo Anko. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kuna kampuni ya utalii inatuletea wanafunzi 20 kutoka Uingereza, watapanda mlima afu watakuja kwetu wiki mbili wapake rangi madarasa manne na wachore ramani ya Afrika na wanyama ukutani. Tatizo Anko hayo madarasa yanavuja, sakafu zina mashimo watoto wanajikwaa mpaka wanang'oka kucha, na darasa la pili wako zaidi ya 100 chumba kimoja. Rangi sio shida yetu kwa sasa. Naogopa nikisema watahamia shule nyingine. Nifanyeje?

Marahaba mwalimu, na pole. Kwanza nikutoe hofu, sema. Tena sema mapema, kabla hao vijana hawajaanza kuchangisha kwao, kwasababu wakishawaambia wazazi na kanisa lao kwamba wanakwenda kupaka rangi basi hela itakayopatikana ni ya rangi na kuigeuza inakuwa kazi. Mara nyingi mwalimu wao anayeratibu safari hajui hali ilivyo, ameambiwa tu na kampuni kwamba shule inahitaji rangi, na kampuni imesema hivyo kwasababu rangi ni kazi rahisi kuiuza. Kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kushika mwiko anaweza kupaka ukuta bila kuumia, anamaliza ndani ya wiki, na picha za kabla na baada zinapendeza. Kumpandisha juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ni jambo jingine kabisa, hata mimi nikiwa msimamizi simpandishi.

Sasa kifundi rangi ndo ya mwisho kabisa kwenye ukarabati. Unaanza juu unashuka, paa kwanza, halafu kuta na nyufa, halafu sakafu, milango na madirisha, ndo unamalizia na rangi. Ukipaka rangi chini ya bati linalovuja, mvua za vuli zikifika ukuta unapata michirizi ya kahawia na yule simba waliyemchora anaonekana kama analia. Hela imeondoka.

Kwenye paa usikimbilie kununua bati jipya lote. Mwite fundi apande aangalie, mara nyingi kinachovujisha ni misumari iliyolegea au mipira yake imekauka, au kofia ya juu imenyanyuliwa na upepo, hivyo vinarekebishika kwa hela ndogo. Kinachonitia wasiwasi mimi kwenye majengo ya zamani ni kenchi, hasa kama mbao haikupakwa dawa na mchwa wameshapanda, hapo unaweza ukawa unapigilia bati zuri juu ya unga. Achomechome mbao na bisibisi, ikizama kirahisi hiyo mbao imekufa. Na kama itabidi ununue bati, kumbuka geji 28 ni nene kuliko geji 30, watu wengi wanadhani namba kubwa ndo bati gumu, ni kinyume chake. Ila kama paa lenu ni yale mabamba ya zamani ya asbesto, simamisha kila kitu, asitoboe mtu wala asivunje, vumbi lake linaharibu mapafu, hapo ni mhandisi wa halmashauri tu.

Sakafu nayo usikubali kuzibiwa mashimo kwa kupakapaka udongo na saruji juu, inabanduka ndani ya muhula mmoja. Mashimo ya madarasani yanatokana na mambo matatu, kifusi cha chini hakikushindiliwa, zege lilikuwa na mchanga mwingi saruji kidogo, na hawakumwagilia maji. Kata sehemu mbovu mpaka upate pagumu, shindilia, mwaga zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, juu piga niru, yaani tabaka laini la saruji na mchanga, ya moja kwa tatu, afu imwagiliwe maji angalau siku saba bila mtu kupita. Hizo siku saba ndo zinazoliwa kwenye shule zetu, kwasababu watoto wanatakiwa warudi darasani Jumatatu, au kwasababu mgeni anaondoka Ijumaa anataka aone imeisha.

Kwahiyo wewe panga hivi. Shule zinafunga mwanzoni mwa Juni na masika inakuwa imeisha au inaishia, waombe waje kipindi cha likizo, sio Julai katikati au Agosti ambapo inabidi uwatoe watoto wakakae chini ya mti wakati wageni wanapaka. Mafundi wa hapohapo Hai wapewe hela ya paa na sakafu waanze siku ya kwanza ya likizo. Wageni wakifika sakafu imekauka, wanapiga msasa kuta na madawati, wanapaka vanishi, wanapaka rangi chini ya jicho la fundi, na hiyo ramani yao ya Afrika wachore, sina ugomvi nayo, watoto wanaipenda kweli. Kila mtu anapata chake.

Barua yako iwe ukurasa mmoja. Washukuru, halafu andika vipaumbele vya shule kwa mpangilio na bei ya kila kimoja kama ilivyokadiriwa na mhandisi wa halmashauri, sio bei uliyoikadiria wewe. Kabla ya kutuma, kamati ya shule ikae iandike muhtasari, serikali ya kijiji ijue, afisa elimu kata ajue na barua ifike kwa Mkurugenzi. Najua unasema huo ni mlolongo, ndiyo ni mlolongo, lakini siku mtu akiuliza hela zilikwenda wapi huo muhtasari ndo utakaokuokoa. Hela ziingie akaunti ya shule na risiti za EFD zitunzwe. Wakikwambia "tutakutumia kwenye simu mwalimu ni haraka zaidi", kataa, hata kama nia yao ni njema kabisa.

Kuhusu hao 100 kwenye chumba kimoja hapo ukarabati hauwezi kukusaidia. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, wewe unahitaji vyumba vipya. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto walifurika na majengo hayakufurika nao, na mwaka 2018 michango ya shule ikapigwa marufuku, ndo maana walimu wakuu wengi mmebaki kutazama njia mkisubiri mfadhili. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO ya 2021, 12,000 yalikwenda sekondari na 3,000 vituo shikizi, yaani vile vishule vidogo vya tawi vilivyo mbali na shule mama, kwahiyo shule kongwe za msingi kama yako nyingi zilibaki na majengo ya tangu MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa miaka ya 2000, au ya zamani zaidi, tangu ule msukumo wa UPE, elimu ya msingi kwa wote, wa miaka ya 70. Baadaye ukaja mradi wa BOOST kwa ajili ya msingi. Muulize afisa elimu shule yako iko wapi kwenye foleni, na kama wananchi wameshanyanyua boma, yaani kuta bila paa, likasimama kwenye lenta juu ya madirisha, liandike hilo kwenye barua ya wageni kama kipaumbele namba moja. Kumalizia boma lililosimama ni hela ndogo kuliko kuanza msingi.

Anko mambo vipi. Mimi fundi uashi na rangi, niko Usa River. Hawa mavolontia wananikera kusema ukweli. Wanakuja wanafanya bure kazi ambayo ningelipwa, tena wanaifanya vibaya, kuna shule tuliitwa kurudia ukuta mzima haukuwa hata na timazi. Sisi tumekaa kijiweni hatuna kazi. Hii ni haki?

Poa mdogo wangu. Hasira yako ina msingi na hauko peke yako, hata wao wenyewe wameshasema. Mwaka 2014 dada mmoja wa Marekani aliandika kwamba akiwa mwanafunzi alikuja na wenzake hapa Tanzania kujenga maktaba kwenye kituo cha watoto, wakajenga mchana kutwa, na usiku wanaume wa pale walikuwa wanayatoa matofali yao na kuyajenga upya ili asubuhi wale mabinti wasijue. Ile habari ilizunguka dunia nzima. Mimi ilinichekesha na kuniudhi kwa pamoja, maana fikiria wale mafundi, wamefanya kazi usiku kuficha aibu ya mgeni, adabu ya Kiafrika hiyo bana, lakini hakuna aliyewauliza wamelipwa shilingi ngapi.

Ukipiga hesabu inauma zaidi. Watu 20, tikiti ya ndege ya London mpaka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kwenda na kurudi hata uipate kwa bei ya chini weka milioni mbili, hiyo tayari milioni 40 imeishia angani kabla hawajanunua brashi. Kwenye ule mpango wa 2021 serikali ilitenga milioni 20 kwa darasa moja. Kwahiyo nauli tu ni madarasa mawili.

Lakini hapa nitakupinga kidogo. Watu wengi wanaishia hapo wanasema "si wangetuma hela wakae kwao". Hawatumi! Mzazi wa Manchester anatoa ile hela kwasababu mtoto wake anasafiri, anaona dunia, anapata cha kuandika akiomba chuo. Asiposafiri hela haiji Usa River, inakwenda likizo Hispania. Kwahiyo swali la maana kwako na kwa kamati za shule ni kwamba katika hela anayolipa kila kijana kwa kampuni, kiasi gani kinafika shuleni kama vifaa na kama ujira wa fundi. Ulizeni hilo kwa maandishi. Kampuni yenye nia itajibu, isiyo na nia itakuletea hadithi za tabasamu za watoto.

Na kuna kitu tumekisahau. Zamani wajitoleaji walikwenda kuziba pengo. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya watu wa mataifa tofauti, Wajerumani wakiwemo, wakaenda kijiji cha Esnes karibu na Verdun kule Ufaransa kujenga upya nyumba zilizosambaratishwa na vita, hapo ndo mwanzo wa Service Civil International na makambi ya kazi tunayoyaona leo. Mwaka 1961 Peace Corps ya Marekani ilipoanzishwa Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake, na waliokuja walikuwa wapima ardhi, mainjinia na wajiolojia, watu ambao sisi tulikuwa nao wa kuhesabu. Sasa niambie, Arusha leo ina upungufu wa watu wa kushika rola? Vijana wa VETA wamejaa wanatafuta vibarua.

Cha kufanya, msikae kijiweni mnanuna. Jikusanyeni watatu wanne, mwenye uashi, seremala, wa rangi, wa umeme, nendeni kwenye kamati za shule na kwa kampuni za utalii na bei zenu za maandishi. Waambieni tutafanya kazi nzito sisi, na wageni wenu tutawasimamia na kuwafundisha, na kusimamia tunalipwa kwa siku kama kazi nyingine yoyote. Serikali yenyewe siku hizi inajenga shule kwa force akaunti, kamati inanunua vifaa na inaajiri mafundi wa jirani, kwahiyo utaratibu wa kuwalipa nyinyi upo na kamati inaujua. Na bei msipandishe kwasababu mmeona mzungu, hilo nalo nalijua, msinidanganye.

Salaam aleikum Anko Fundi. Niko Kilifi, Kenya, ni memba wa bodi ya shule iliyo karibu na bahari. Miaka miwili iliyopita wageni kutoka Uholanzi walitupakia rangi madarasa matatu, buluu chini na njano juu, kulipendeza sana. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita rangi ikatoa malengelenge kuanzia chini, ikabanduka, sasa kuna ungaunga mweupe ukutani. Wanarudi Agosti wanataka kupaka tena. Ni rangi ilikuwa mbaya ama ni nini?

Waaleikum salaam ndugu yangu wa Kilifi. Rangi inaweza kuwa ilikuwa nzuri tu, ukuta ndo mgonjwa, na wakipaka tena Agosti bila kuutibu basi mtaonana tena miaka miwili ijayo na malengelenge yaleyale.

Huo unga mweupe ni chumvi. Pwani mnajenga kwa mawe ya matumbawe ambayo yananyonya maji sana, na mara nyingi lipu inapigwa kwa mchanga wa karibu ambao haukuoshwa, una chumvi ya bahari ndani yake. Kama juu ya msingi hakuna ile karatasi ya DPC ya kuzuia unyevu, maji ya ardhini yanapanda na ukuta, yanayeyusha chumvi, yakifika usoni yanakauka na chumvi inabaki inagandamana inaisukuma rangi kutoka nyuma. Rangi ya mafuta ndo inazidisha kabisa maana imeuziba ukuta, unyevu hauna pa kutokea. Sasa hiyo buluu ya chini nakisia ilikuwa ya mafuta, ndo desturi ya shule zetu, chini mafuta kwa ajili ya mikono ya watoto, juu rangi ya maji.

Fanya kipimo rahisi leo. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani ujue ukuta unatoa maji.

Tiba inaanzia nje. Angalieni maji ya paa yanaangukia wapi, shule nyingi hazina mifereji kwahiyo yanapiga chini ya ukuta na kurukia lipu. Wekeni mfereji na tangi, maji hayo mtayatumia. Udongo uliopanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani uondolewe, na mzunguke jengo kwa zege jembamba lenye mteremko wa kwenda nje. Kisha ndani vunjeni lipu yote mbovu kutoka chini mpaka kama nusu mita juu ya pale unyevu unapoishia, uacheni ukuta uchi ukauke, chumvi inayotoka ipigwe brashi kavu, msiioshe kwa maji maana mnairudisha ndani. Lipu mpya ipigwe kwa mchanga wa mto uliooshwa, na hapo subira, lipu ikae kama mwezi mzima kabla ya rangi, halafu praima inayostahimili alkali, halafu rangi ya maji au chokaa. Msidharau chokaa jamani. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kwa matumbawe hayohayo na chokaa, na zile kuta zimesimama karne na karne kwasababu chokaa inaacha ukuta upumue.

Kwahiyo wageni wenu wa Agosti waambieni mwaka huu hakuna rangi, mwaka huu ni mifereji, kuchimba na kuvunja lipu. Shule imefungwa, ni wakati mzuri, na kuvunja lipu ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye nguvu anaiweza, utashangaa watakavyoifurahia. Rangi ipigwe na fundi wenu baadaye ukuta ukishakauka, hata wao wakiwa wamesharudi kwao.

Jambo moja la hatari. Msikwangue ile rangi ya zamani kavukavu, hasa ya mafuta. Rangi nyingi za mafuta zenye njano au nyekundu kali zimekuwa zikitengenezwa na madini ya risasi, na vumbi la risasi linaathiri ubongo wa mtoto, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Lowesheni maji kwanza, vaeni barakoa, tandikeni nailoni chini, watoto wasikanyage hapo mpaka pameoshwa. Na mnaponunua mpya someni kopo, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa kupitia UNEP unakipendekeza ni risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Muuza duka akisema hajui, nenda duka la pili.

Shikamoo Anko. Naandika kutoka Freiburg, Ujerumani. Nilikaa Iringa mwaka mmoja kwa weltwärts, mpango wa Ujerumani wa kupeleka vijana kujitolea nje, ndo nikajifunza Kiswahili. Sasa marafiki zangu wanne wanataka kuja wiki tatu kukarabati darasa kwenye shule niliyokuwepo. Mimi moyo unasita, nimesoma sana lawama za watu kuhusu mavolontia. Niwaambie waje au wasije?

Marahaba mwanangu, na hongera, Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha vijana wangu wa hapa nyumbani.

Waje. Ila waje kama wageni wanaosaidia, sio kama wakombozi, na wiki tatu wazijue zilivyo, ya kwanza ni ya matumbo na kuzoea, ya pili wanafanya kazi, ya tatu wanaaga. Wewe una kitu ambacho makundi mengi hayana, unajua lugha na unajulikana pale. Mpigie mwalimu mkuu wewe mwenyewe, bila kampuni katikati, muulize mngekuwa na hela hii mngefanya nini, afu nyamaza. Usimtajie rangi wala darasa. Mtanzania ukimtajia kitu ambacho wewe unakitaka atakubali kwa heshima tu, na utaondoka unadhani mmekubaliana.

Kama hao wanne wanachotaka hasa ni kufanya kazi za mikono na kuchanganyika na watu, yako makambi ya kazi ambayo vijana wa hapa na wa nje wanalala pamoja wanapika pamoja wanachimba pamoja, Dar es Salaam kuna UVIKIUTA kule Chamazi, Kenya kuna KVDA ya siku nyingi. Pale mgeni hafanyi kitu cha ajabu, ni kibarua kama wengine. Na wanafunzi wasibebeshwe maji na mchanga saa za vipindi ili eti "washiriki na wageni", nimeliona hilo mara nyingi na halinifurahishi.

Anko, mwanangu yuko darasa la tatu hapa Karatu. Nimeonyeshwa picha yake mtandaoni amebebwa na mgeni aliyekuja kukarabati shule, chini wameandika habari za umaskini na njaa. Mwanangu halali njaa! Naweza kufanya nini?

Pole sana dada. Unaweza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto ni taarifa yake, ridhaa inatoka kwako mzazi. Anza na mwalimu mkuu kwa barua, mwambie awaandikie wale wageni waitoe, wengi wakiambiwa wanaitoa siku hiyohiyo na wanaona aibu. Wakikaidi peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga picha ya ile posti uihifadhi kabla haijafutwa.

Walimu wakuu mnaosoma hapa, wekeni sharti kabla wageni hawajafika, picha za kuta na paa ruksa, nyuso za watoto mpaka fomu ya mzazi.

Anko salama? Sisi ni kikundi cha Watanzania tuko Birmingham, Uingereza, wengi tulisoma shule moja ya msingi Muheza, Tanga. Tumechanga tunataka Desemba tuje na watoto wetu waliozaliwa huku, tukarabati madarasa ya shule yetu kwa mikono yetu. Tuanzie wapi, na watoto wanahitaji vibali?

Salama kabisa, na nimefurahi. Nianze na vibali kwasababu hapo ndo watu wa nje wanapigwa faini bila kutegemea. Mwenye pasipoti ya Uingereza akiingia kwa visa ya utalii haruhusiwi kufanya kazi hata ya bure, kujitolea nako kwa Uhamiaji ni kazi, na wajitoleaji wana kibali chao cha ukaazi daraja C. Hilo ni kwa watoto na kwa nyinyi wenyewe mliobadilisha uraia. Waandikieni Uhamiaji mapema mwelezee mnakuja kufanya nini na kwa siku ngapi, wawaambie kipi kinawafaa, msitegemee maneno ya mtu aliyekuja mwaka juzi akapita. Kama watoto watakuja tu kuona shule, kukaa na bibi na kucheza mpira na wenzao, hiyo ni matembezi na haina shida, na mimi kwa maoni yangu ingewatosha.

Desemba shule zimefungwa, hilo zuri, lakini Tanga vuli inaweza kuwa bado inanyesha, kwahiyo kazi ya paa isisubiri nyinyi mfike. Mafundi waanze mara shule ikifunga, na kama paa ni bovu sana omba waanze hata kwenye likizo ya Juni. Walipeni kwa hatua, paa likikaguliwa na mhandisi hatua ya kwanza imelipwa, sakafu ikikaguliwa ya pili, na kadhalika. Na msimamizi wa hela asiwe shemeji wa mmoja wenu. Sina ubaya na mashemeji ila nimeona vikundi vingi vya ughaibuni vimevunjikia hapo, sio kwasababu shemeji kaiba, kwasababu hakuna anayethubutu kumuuliza risiti. Kamati ya shule ipo, itumieni.

Halafu kabla hamjaamua madarasa, muulizeni mwalimu mkuu habari ya vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabuni wanafunzi waliopo gawanyeni muone mnabakiwa na matundu mangapi pungufu. Hakuna kundi la wageni linalokuja kujenga choo, hakuna anayetaka kupiga picha mbele yake, kwahiyo kila mwaka madarasa yanapakwa upya na vyoo viko vilevile, na binti wa darasa la sita au la saba akiwa kwenye siku zake anabaki nyumbani. Nyinyi mmesoma pale mnavikumbuka vile vyoo. Hela yenu mngeigawa, nusu paa nusu vyoo, pamoja na chumba kimoja chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani kwa ajili ya wasichana.

Saruji msihangaike nayo, kiwanda kiko Pongwe hapo jirani na Muheza kwahiyo usafiri ni mdogo, ila msinunue yote kwa mkupuo mkaijaza stoo ya shule. Ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu wa Tanga inaanza kuganda ndani ya mfuko. Kubalianeni na duka bei ya mzigo wote, mlipie kwa awamu, na walete mifuko kadri fundi anavyoagiza, ikifika ipangwe juu ya mbao isigusane na sakafu wala ukuta.